Namba Iliyosomwa kutoka Nyuma

Siku ambayo ofisi ya watoto waliopotea pale Butembo iliwajibu karibu watu wote kuwa hakuna, dada yangu mkubwa alipewa jibu. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la ukutani tangu asubuhi, akina mama wakiingia mmoja mmoja na kutoka wamejifunika nyuso kwa vitenge. Aliyekuwa mbele yetu, mkulima wa viazi, alitoka akatuambia bila kuulizwa, kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ambamo lakini ni mais na basi ni donc:

"Banasema mutoto yangu iko ku liste, mais ukurasa wake hauko. Donc iko wapi, ku mawingu?"

Watu walicheka kidogo, kicheko cha kuchoka, halafu dada akaitwa.

Vita vilipofika Kanyabayonga, dada alikimbia na watoto wanne akafika Lubero na watatu. Aliyepotea ni msichana wake wa tatu, wa miaka sita. Barabara ilikuwa imejaa watu, mbuzi, magodoro na malori, na mahali fulani kabla ya Alimbongo mkono wa mtoto ulichomoka katika mkono wa ndugu yake. Dada alirudi nyuma kumtafuta, umati ukamsukuma mbele. Baadaye tulisikia kwamba watu wa kanisa walikuwa wakiokota watoto waliobaki peke yao, wanawaandika, wanawavalisha shingoni jetoni ya plastiki yenye namba, kisha wanawagawa kwa familia za Butembo na Beni zilizokubali kuwalea. Kwa hiyo hatukuwa tunatafuta kaburi. Tulikuwa tunatafuta nyumba.

Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alitafuta jina kwenye orodha, akapata msichana wa Kanyabayonga, namba mia mbili hamsini na nane. Akabonyeza, akangoja, na uso wake ukafunguka.

"Mama, wako yuko. Ukurasa wake unafunguka."

Lazima nieleze majina yetu, maana bila hilo habari hii haiwezi kueleweka. Kwetu mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa. Wasichana wana mstari wao na wavulana wana wao. Wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na majina hayohayo yamo katika kila nyumba kutoka Kanyabayonga mpaka Beni. Ukiita jina la msichana wa tatu katika soko la Butembo, watageuka wengi kuliko unavyoweza kusalimia. Kuna jina la ubatizo pia, lakini mtoto wa miaka sita anayelia kando ya barabara hutaja lile analoitwa nyumbani.

Karani aliuliza maswali ambayo mtu yeyote wa kwetu angeuliza. Mama wa mtoto anaitwa nani? Dada ni msichana wa kwanza kwa wazazi wetu, akataja jina la msichana wa kwanza. Nani walimtangulia mtoto? Akataja la kwanza na la pili. Nani anamfuata? La nne. Kila jibu lilifanana na kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta, na kila mara karani alitikisa kichwa kwa furaha, na dada akanibana goti kwa vidole vyake. Picha hazikuwepo. Umeme ulipopiga seva ya zamani ya ofisi, picha zilikufa, yakabaki maandishi tu, na hata hayo, walivyodhani, yalibaki nusu. Ndiyo maana wengi walikuwa wakiambiwa ukurasa hauko.

Ukurasa ulisema mtoto yuko Beni, mtaa wanaouita komini ya Ruwenzori, kwa familia iliyotajwa pamoja na namba ya simu. Karani akapiga. Mwanamke akaitika, akaita kwa sauti nyuma yake, na tukasikia miguu midogo ikikimbia.

"Mama?"

"Ndiyo, mama yangu," dada alimjibu. "Ni mimi."

"Unakuya leo?"

"Nakuya. Funga bintu byako. Nakuya kukuchukua."

Mtandao ukakatika. Dada akanigeukia, macho yamejaa maji.

"Njo yeye, ni yeye kabisa. Ulisikia vile anaita mama?"

Mimi nilikuwa nimesikia mtoto mwenye mafua.

Tulipanda pikipiki asubuhi iliyofuata, sisi wawili na dereva, matope mekundu mpaka magotini. Katikati ya njia tulisimamishwa kusubiri msafara wa wanajeshi, na dada, ambaye tangu Lubero alikuwa hajaongea zaidi ya lazima, alianza kusimulia. Alinikumbusha nyumba ya wazazi wetu Kanyabayonga, ukingoni kabisa mwa mlima, jinsi tulivyotoka asubuhi na kuona ardhi yote ikishuka mbele yetu mpaka mbugani, na ziwa likianza kung'aa mbali kama bati jipya. Nilikuwa nimeikumbuka nyumba ile katika kila mji nilioishi. Baada ya shule ya sekondari sikukaa mahali: Kasindi, Bunia, Kampala, Goma, nikitengeneza simu na redio za watu, kila mara nikijiambia nitarudi nyumbani mwaka ujao. Sasa nyumba ilikuwa upande wa pili wa mstari wa vita, na dada akaniambia kwamba mtoto akishapatikana, yeye dada atanisamehe miaka yote ile.

"Atakuita tonton, mjomba," alisema. "Hakujui hata sura. Utaanza kazi ya tonton."

Nyumba ya Ruwenzori ilikuwa ya mbao, chini ya michikichi. Kabla hatujabisha, msichana alitokea nyuma ya nyumba, mikono ina unga wa muhogo, akakimbia na kumkumbatia dada magotini. Alikumbatia kwanza, akatazama baadaye. Dada naye alikuwa ameshainama. Niliona mikono yake ikisimama hewani.

Msichana alirudi hatua moja nyuma. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye kifua cha kukohoa, akatoka akijifuta mikono.

"Huyu hapana mwana yangu," dada alisema.

"Mama, muangalie muzuri. Batoto banabadilika mu taabu."

"Ule nilizalaka namujua. Huyu hapana."

Msichana alikuwa anatusikia. Aliingia ndani, akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo, akakiweka miguuni pa dada.

"Nilishafunga bintu byangu," alisema.

Dada akatoka, akaenda mpaka kwenye ua wa jirani, akashika mti wa ua kwa mikono yote miwili. Mimi nilibaki na mwenye nyumba. Nilimuuliza kama kuna mtoto mwingine aliyeletwa. Hakuna. Nikamuuliza kama ana karatasi yoyote. Hana, ila jetoni. Nikainama, nikashika plastiki iliyoning'inia shingoni mwa mtoto. Namba ilikuwa mia tano na kumi na tatu. Nikatoa karatasi yetu ya ofisi. Mia mbili hamsini na nane.

"Mama, hii si namba yetu."

"Mimi sisome namba, papa. Niliambiwa mama yake anakuya, nikamuosha." Akakohoa, kisha akashusha sauti. "Na tena niwaambie kweli. Siye tunahama. Bale batu ba usiku balifika kule chini, balichoma nyumba. Tunaenda kwa shemeji na tuko bengi. Munamuchukua ao munamuachia nani?"

Nilijibu kwamba hatuwezi, kwamba mtoto ana mama yake mahali, kwamba lazima ofisi ijulishwe. Nilisema maneno mengi ya namna hiyo. Dada alirudi kutoka uani, uso wake umekauka, akaokota lile fundo la kitambaa.

"Yaya," nilimwita dada, "unafanya nini?"

"Nani alimuambia mama anakuya? Mimi njo nilimuambia. Twende."

Njiani kurudi msichana alikaa katikati yetu.

Fundi wa kompyuta wa ofisi ile alikuwa mwanamke wa umri wangu, aliyesomea Bunia. Nilimwekea mezani karatasi yetu na jetoni, nikitegemea kusikia kwamba mtu alikosea kuandika. Alitazama namba hizo mbili. Kisha akachukua kalamu, akaandika kwenye kifuniko cha boksi: moja na mbili, na chini yake mbili na moja. Akaketi.

"Papa, unajua kazi ya machine?"

"Simu na redio."

"Donc utaelewa. Unaona hii computer? Ndani yake kuko ingine."

Alinieleza taratibu, na mimi nitaeleza kama nilivyoelewa. Seva ya zamani ilipoungua, hapakuwa na nyingine ya aina yake. Programu ya kuandika watoto ilitengenezwa kwa aina ile tu. Kwa hiyo alichukua kompyuta mpya, na ndani yake akaweka mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili, inayojifanya kuwa ile ya zamani. Programu ya zamani iliamka ndani yake kama haijui kwamba imekufa. Halafu akafungua folda moja ya pamoja, ambayo mashine ya ndani inaweka faili zake na kompyuta ya nje inazisoma. Karani alitumia programu mpya, ya nje, kwa sababu ni nyepesi.

Tatizo lilikuwa katika folda hiyo. Kompyuta huhifadhi namba katika baiti, na baiti moja haiwezi kuhesabu kupita mia mbili hamsini na tano. Namba kubwa zaidi hukaa katika baiti mbili. Fundi alinipa mfano wa maharage sokoni: gunia moja hujaa bakuli mia mbili hamsini na sita, na yasiyotosha gunia hubaki kwenye bakuli. Mia mbili hamsini na nane ni gunia moja na bakuli mbili. Mashine ya zamani huandika magunia kwanza, bakuli baadaye. Kompyuta mpya husoma bakuli kwanza, magunia baadaye. Hakuna iliyo na kosa. Kila moja ina desturi yake, na mtu anayeziweka kwenye folda moja anapaswa kuzipatanisha: kuiambia inayosoma igeuze mpangilio wa baiti kabla ya kuhesabu. Hakuna aliyeiambia. Kompyuta ya nje iliona moja na mbili, ikasoma bakuli moja na magunia mawili.

"Mia tano na kumi na tatu," nilisema.

"Njo vile."

"Na bale bengine? Benye bakurasa habiko?"

"Mutoto wa arobaini ni bakuli arobaini tu, gunia hakuna. Inageuka magunia arobaini. Elfu kumi na kitu. Hatuna batoto elfu kumi, donc inasema hakuna." Aliweka kalamu chini. "Bote bako. Balikuwaka ndani siku zote. Nilirudisha bamama nyumbani."

"Haukujaribu mbele ya kuitumia?"

"Nilijaribu. Nilifungua orodha, nikaona majina yote yako muzuri. Hata namba ya orodha inaandikwa na herufi, na herufi moja ni baiti moja, hakuna kya kugeuza. Siye tunaangaliaka jina kwanza, papa. Jina likikuwa muzuri, nani anaangalia namba?"

Katika nchi nyingine jina lingewaokoa. Kwetu, majina ya watoto wale wawili yalilingana, ya mama zao yalilingana, ya dada zao yalilingana, na mji waliokimbia ulikuwa mmoja.

Aliandika mistari michache, akafunga programu, akaifungua tena. Alijaribu arobaini. Ukurasa ukatokea, mtoto wa kiume wa Kayna, nyumba iko Butembo hapahapa. Akajaribu nyingine, na nyingine. Karani alisimama nyuma yetu ameshika kichwa, kisha akatoka mbio kwenda kutafuta simu za akina mama aliowarudisha. Nilifurahi kwa ajili yao. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa wakati ule nilimshika fundi bega kwa nguvu kuliko inavyofaa, nikamwambia:

"Yetu sasa."

Mia mbili hamsini na nane alikuwa Butembo. Nyuma ya kiwanja cha mpira, kwa mshonaji. Dada alikuwa amepanga chumba mtaa wa jirani. Tangu afike alipita pale kila siku akienda kuchota maji.

Tulikwenda kwa miguu, dada mbele, msichana wa Beni akinishika kidole. Mshonaji alisimamisha cherehani alipotuona.

"Ule mutoto?" alisema. "Mais mama yake alikuya kumuchukua."

"Mama yake ni mimi," dada alisema.

Mshonaji alitazama uso wake, na nadhani alimwona mtoto ndani yake, maana alishika mdomo. Akatuketisha. Alisema kwamba wiki ileile tuliyokwenda Beni, mwanamke wa Kanyabayonga alifika na karatasi ya ofisi. Alimtazama mtoto akalia sana, na mshonaji akadhani ni furaha. Mtoto hakumkataa. Alisimama tu, anangoja aambiwe afanye nini.

"Alisema nini, yule mama?" niliuliza.

"Alisema kitu ku mulango, nikazani ni uchovu. Alisema, huyu ni wa mutu, mais siwezi acha mutoto wa mutu amesimama na bintu byake. Kisha akasema banaenda Kanyabayonga. Bwana yake alibakiaka kule. Alisema pengine mwana yake alirudi kule peke yake."

"Karatasi yake ilikuwa namba gani?"

Hakukumbuka. Hakuwa na haja ya kukumbuka. Aliyetafuta mia tano na kumi na tatu alielekezwa kwa mia mbili hamsini na nane, kama sisi tulivyoelekezwa kinyume chake. Mama wa msichana aliyenishika kidole ndiye aliyekuwa na mtoto wetu. Msichana alielewa kabla yetu, nadhani, kwa sababu alimuuliza mshonaji:

"Mama yangu alivala kitambaa gani?"

"Cha bluu," mshonaji alisema. Msichana akatikisa kichwa kukubali.

Simu ambayo mwanamke yule aliiacha ofisini haikupatikana. Kule ng'ambo ya mstari wa vita mtandao ulikuwa umekatwa. Tulipanda lori la kabeji mpaka Alimbongo, mahali ambapo magari yalikuwa yanaishia siku zile, penye baridi na ukungu unaoingia mpaka ndani ya vikombe. Kutoka pale mtu anavuka kizuizi kwa miguu, pamoja na wafanyabiashara wa maharage waliozoeana na wenye bunduki wa pande zote mbili. Dada alisema anavuka.

"Yaya, hamujuane," nilimwambia. "Mutapishana njiani hamutajua."

"Mutoto yangu atanijua."

"Na kama yule mama amekwisha kusikia, naye anarudi huku? Mukitembea bote mutapishana tena."

"Donc wewe ubakie."

"Mimi?"

"Wewe. Mutu moja akae pahali. Siku zote unatembea, sasa kaa." Alikuwa anafunga kitenge kiunoni, hakunitazama. "Na huyu abakie na wewe. Siwezi kumuvusha mu masasi ya bunduki mwana wa mutu. Bakikuuliza ni wa nani, sema ni wangu mpaka mwenyewe afike."

Niligombana naye. Nilimwambia ana watoto watatu Butembo kwa jirani. Alisema watatu wanakula. Nilijaribu kumshika mkono, naye akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni, nikauachia. Nilikumbuka alivyosema fundi, kwamba wawili wanaopeana kitu lazima wapatane kabla ni nani anaanza wapi. Hapakuwa na mtu wa kupatana naye upande ule. Basi dada aliamua peke yake: yeye atembee, mimi nisitembee.

Alivuka na kundi la wanawake waliobeba mafuta ya mawese. Mmoja wao aliporudi alituambia waliachana naye penye njia panda, kwamba alikuwa na nguvu, kwamba alikuwa anauliza kila nyumba. Baada ya hapo sijapata habari nyingine.

Nimepanga chumba kinachotazama kizuizi. Nachaji simu za watu kwa sola na kutengeneza zile zilizoingia maji, na kila anayevuka namuuliza kuhusu mwanamke mwenye kitambaa cha bluu, na kuhusu mwanamke mwingine anayemtafuta huyo. Ofisi imewapa tangazo watu wa kanisa wa ng'ambo, hakuna aliyejibu. Kuna asubuhi miguu yangu inauma kwa kutaka kuondoka, siyo kwenda popote, kuondoka tu, nami nasimama mlangoni mpaka inapita. Nikiondoka siku moja tu, yaweza kuwa siku hiyo ndiyo watakayotokea.

"Tonton, leo tunaenda?" msichana huniuliza.

"Hapana. Siye njo tunangoya."

Huchukua kigoda chake na kukaa karibu na meza yangu ya simu. Kundi likitokea kwenye ukungu sote wawili tunainua vichwa. Yeye hutazama nyuso za akina mama. Mimi hutazama za watoto.